Pini za Daktari Burkitt: jinsi saratani ilivyogeuka kuwa hesabu

Mulago, 1957 hadi 1964

Mwaka 1957 Hugh Trowell, tabibu wa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwita mwenzake wa idara ya upasuaji amwangalie mtoto wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia, na meno yamelegea. Aliyeitwa ni Denis Burkitt, Mwairishi aliyekuwa na jicho moja tangu alipoumia utotoni. Burkitt hakuutambua ugonjwa. Usaha wa mfupa hauvamii pembe nne za taya kwa wakati mmoja, na saratani aliyofundishwa chuoni ilikuwa na desturi ya kuanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye taya kama zile. Safari hii alipapasa na tumbo, akakuta uvimbe humo pia.

Angeweza kukata, kushona na kuendelea na foleni ya wagonjwa. Badala yake alirudi kwenye makaratasi. Kampala ilikuwa na bahati adimu: tangu 1951 wanapatholojia wa Mulago, wakiongozwa na Jack Davies, walikuwa wanatunza sajili ya saratani, na ripoti za uchunguzi wa maiti zilihifadhiwa. Burkitt akazipekua. Uvimbe wa taya uliandikwa kwa jina lake, wa figo kwa jina lake, wa ovari kwa jina lake. Kumbukumbu hizo zilipowekwa pamoja, mtoto kwa mtoto, ulionekana ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha taarifa yake katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na leo tunauita limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nianzie hapa. Kwa msaada wa paundi 25 tu, Burkitt alichapisha vipeperushi zaidi ya elfu moja vyenye picha za watoto wenye uvimbe, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza swali moja: je, mmeona hii? Kila jibu la ndiyo likawa pini kwenye ramani ya ofisini kwake. Pini zikachora mkanda unaokata katikati ya Afrika, na mkanda huo ukawa na mkia unaoteremka pwani ya mashariki. Ili ajue mpaka wake hasa, mwishoni mwa 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri takriban maili 10,000 kutoka Kampala kwenda kusini mwa bara na kurudi, hospitali baada ya hospitali. Ugonjwa ulikoma palipo na baridi na palipo na ukame. Wataalamu wa mbu waliiona ramani ile na kuitambua mara moja, kwa kuwa ilifanana mno na ramani ya malaria.

Hakuwa na kompyuta. Lakini kukusanya taarifa ndogondogo kutoka kwa watu wengi, kuzilinganisha, na kutafuta mchoro ambao jicho la daktari mmoja haliwezi kuuona kitandani mwa mgonjwa mmoja, ndiyo kazi ambayo leo inaitwa bioinfomatiki. Tofauti ni kwamba pini za leo ni herufi za DNA.

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili Epstein hakupata kitu. Desemba 1963 ndege moja ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na sampuli ikafika jioni maji yake yakiwa yamechafuka kama yameingia bakteria. Kabla ya kuimwaga, Epstein aliichungulia kwa hadubini. Uchafu ule ulikuwa seli hai za saratani zilizojitenga na kuelea. Zikaoteshwa maabara, na mapema 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake kirusi kisichojulikana. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Daftari la watoto 42,000

Kuona kirusi ndani ya uvimbe hakuthibitishi kwamba ndicho kilichouleta. Ilibidi mtu aangalie damu ya watoto kabla hawajaugua, kisha angoje. Kati ya 1972 na 1974, watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika miaka ambayo utawala wa Idi Amin ulikuwa unavuruga karibu kila kitu kingine nchini. Matokeo yaliyotolewa 1978 yalionyesha kwamba watoto waliokuja kuugua ndio waliokuwa na dalili kubwa zaidi za kirusi hicho katika damu yao, muda mrefu kabla ya uvimbe.

Upande wa Tanzania, huko North Mara, kuanzia 1977 hadi 1982 watoto walipewa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza limfoma. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa, na jaribio likaisha bila jibu safi. Matokeo ya namna hiyo hayasifiwi sana, lakini yasingejulikana kamwe kama pasingekuwa na takwimu za miaka ya nyuma za kulinganishia.

Tiba nayo ilisonga. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha limfoma kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na kwa dawa kama saiklofosfamaidi uvimbe uliokuwa unaua ndani ya miezi uliweza kuyeyuka kwa siku. Daktari Charles Olweny alikuwa Mganda wa kwanza kuiongoza. Sajili ya Kampala, kwa upande wake, ilikatika katika miaka ya vurugu, na haikurudi kufanya kazi sawasawa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Pengo hilo halizibiki: mtoto aliyefariki bila kuandikwa hawezi kuandikwa leo.

Herufi zaingia kwenye mashine, 1965 hadi 1984

Wakati Burkitt anahangaika na ramani, huko Maryland, Marekani, mwanakemia Margaret Dayhoff alikuwa na mkusanyo wa aina nyingine. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na wanasayansi walikuwa wameanza kusoma mpangilio wake. Dayhoff aliikusanya mipangilio yote iliyojulikana na mwaka 1965 akaichapa kuwa kitabu. Ilikuwa protini 65 tu. Kila asidi amino aliipa herufi moja ili isile nafasi kwenye kadi za kompyuta, na herufi hizo ndizo zinazotumika hadi leo.

Mwaka 1977 Frederick Sanger wa Cambridge alitoa njia ya haraka ya kusoma DNA yenyewe. Njia hiyo ilikuwa na udhia wake: ilisoma vipande vifupi tu. Ni kama kupewa nakala kadhaa za kitabu kimoja zilizochanwachanwa, uambiwe ukiunge upya kwa kutazama maneno yanayorudiwa pembeni mwa kila kipande. Kwa kirusi kidogo mtu angejaribu kwa mkono. Kwa kirusi kikubwa, haiwezekani. Rodger Staden, wa maabara ya Sanger hukohuko Cambridge, akaandika programu za kuunga vipande hivyo, na moja ya kazi kubwa za mwanzo zilizofanywa kwa njia hiyo ilikuwa kirusi cha Epstein-Barr. Kilichapishwa chote 1984, herufi 172,282, wakati ambapo karibu hapakuwa na kiumbe chochote kilichosomwa kwa urefu huo. Ugonjwa ulioanza kwa pini Kampala ukawa miongoni mwa sababu za kompyuta kujifunza kusoma.

Mwaka mmoja kabla yake kulitokea jambo kubwa zaidi, na cha ajabu halikuhitaji maabara kabisa. Russell Doolittle, mwalimu wa chuo kikuu huko San Diego, alikuwa na hazina yake binafsi ya mipangilio ya protini. Mwaka 1983 watafiti wengine walitangaza sehemu ya mpangilio wa protini inayotolewa na chembe sahani za damu ili kuamsha seli zizibe jeraha. Doolittle akaiingiza kwenye kompyuta na kuilinganisha na alizokuwa nazo. Ikafanana, karibu herufi kwa herufi, na protini ya kirusi kinachowapa nyani saratani. Kundi la London lilifikia jambo hilohilo wakati uleule.

Maana yake ilikuwa nzito. Jeni ya saratani haikuwa kitu kigeni kilichotoka nje. Ilikuwa jeni ya kawaida ya mwili, ya kuponya kidonda, iliyoibwa na kirusi na kuachwa ikipiga kelele bila kuzimwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo bioinfomatiki ya saratani ilipozaliwa, kwa kulinganisha orodha mbili ambazo kila moja ilikuwa mezani kwa watu tofauti.

Kromosomu zilizobadilishana vipande

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida kwa wagonjwa wa aina fulani ya saratani ya damu. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago, akipanga picha za kromosomu kwenye meza yake ya chakula nyumbani, aligundua kwamba kipande hakikupotea: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana ncha. Limfoma ya Burkitt nayo ikaonekana kuwa na ubadilishanaji wake, kati ya kromosomu ya 8 na ya 14. Mwaka 1982 ikajulikana kilichohamishwa. Jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli kugawanyika, ilikuwa imehamia jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika seli za kinga zinazougua limfoma hii haizimwi. MYC nayo ikawa haizimwi.

Kwa ile ya 9 na 22 jambo lilifika mbali zaidi. Muungano huo huzaa protini moja mbovu, na mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibi, kidonge kinachoizuia protini hiyo hasa. Wagonjwa waliokuwa wanahesabiwa miaka michache wakaanza kurudi makazini. Mwaka uliofuata ukaanza mpango wa kuitoa bure kwa wasio na uwezo, uliowafikia wagonjwa wa Kenya na Tanzania, kwa sharti kwamba kipimo kwanza kionyeshe mgonjwa ana muungano huo. Sharti hilo ndilo kiini cha tiba ya mtu binafsi: dawa inafuata jeni iliyoharibika, na bila kipimo hakuna dawa.

Kumtoa mgonjwa ndani ya mgonjwa, 2001 hadi 2008

Rasimu ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ilichapishwa 2001 na kazi kutangazwa kukamilika 2003: herufi zipatazo bilioni tatu. Sehemu kubwa ya jenomu hiyo, ambayo ndiyo marejeo ya kulinganishia nyingine, kiasi cha asilimia 70, ilitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea mjini Buffalo, New York, na uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba ana asili ya Afrika na ya Ulaya kwa pamoja. Wanaoiita jenomu hiyo ya Kizungu wakumbuke hilo.

Kusoma saratani kulihitaji hatua nyingine. Ukisoma DNA ya uvimbe na kuilinganisha na marejeo, unakuta tofauti mamilioni, na karibu zote ni za kuzaliwa, zinazomfanya mtu awe yeye. Mwaka 2008 kundi la Timothy Ley huko St. Louis lilisoma jenomu nzima ya mwanamke mwenye saratani kali ya damu, mara mbili: seli za ugonjwa, kisha seli za ngozi yake isiyo na ugonjwa. Kompyuta ikaondoa kila kilichokuwamo kwenye ngozi. Katika mamilioni yale zikabaki jeni 10 zilizobadilika, mbili zikiwa zinajulikana na nane mpya. Utaratibu huo wa kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe ndio unaotumika mpaka sasa.

Safu moja iliyoteleza

Si kila hesabu ilikuwa njema. Mwaka 2006 kundi la Anil Potti katika Chuo Kikuu cha Duke lilidai kwamba kwa kupima utendaji wa jeni za uvimbe, kompyuta ingeweza kusema ni dawa ipi itamfaa mgonjwa gani. Ilikuwa ndoto ya kila daktari wa saratani. Majaribio kwa wagonjwa halisi yakaanza.

Keith Baggerly na Kevin Coombes, wanatakwimu wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, waliombwa na madaktari wenzao wawasaidie kuitumia njia hiyo. Walipojaribu kurudia hesabu, hazikutoka. Wakaanza kufukua. Orodha za jeni zilikuwa zimeteleza safu moja kwenye jedwali, hivyo kila jina lilikaa kando ya namba ya jirani yake. Mahali pengine alama ziligeuzwa: seli zinazokufa kwa dawa ziliandikwa kuwa zinaistahimili, na zinazoistahimili kuwa zinakufa. Mgonjwa angeweza kupewa dawa ambayo haimsaidii kwa makusudi kamili ya kumsaidia.

Waliandika, wakaonya, wakachapisha 2009. Majaribio yalisimamishwa, kisha yakaruhusiwa tena. Yalifungwa kabisa 2010, na kwa aibu ya sayansi, kilichoyafunga hakikuwa hesabu za Baggerly peke yake. Gazeti la habari za saratani lilifichua kwamba Potti alijitangaza kuwa alipata ufadhili wa masomo wa Rhodes ambao hakuupata. Makala zikafutwa, na mwaka 2015 serikali ya Marekani ikatamka kwamba alighushi data. Tangu hapo majarida mengi yanadai data na programu ziwekwe wazi ili mwingine azirudie, na binafsi naona sharti hilo limeokoa wagonjwa kuliko mashine nyingi mpya.

Makovu na chai ya moto, 2013 hadi 2021

Jenomu za uvimbe zilipofika maelfu, likawezekana swali jipya: kilichoiharibu DNA hii ni nini? Mwaka 2013 Ludmil Alexandrov na Michael Stratton, Uingereza, walichambua mabadiliko karibu milioni tano kutoka saratani zaidi ya 7,000 na kutenganisha ndani yake michoro 21. Moshi wa sigara huacha kovu lake, jua kali lake, uzee wake.

Njia hiyo ililetwa kwetu kwa swali linalotuhusu. Saratani ya umio imeenea isivyo kawaida katika ukanda unaoteremka kutoka Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi na kusini. Wamelaumiwa wengi: pombe, moshi wa jikoni, lishe, chai ya moto mno. Utafiti uliochapishwa 2021 ulisoma jenomu 552 za saratani hiyo kutoka nchi nane, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwamo. Ilitarajiwa kwamba nchi zenye ugonjwa mwingi zingeonyesha kovu lisiloonekana kwingine. Halikuonekana. Makovu yalikaribiana kote, iwe nchi ina wagonjwa wengi au wachache. Hiyo haimwachii huru mtuhumiwa yeyote, maana kitu kinaweza kuchochea saratani kwa kuunguza na kuumiza umio bila kuandika herufi mbaya kwenye DNA. Chai bado iko kizimbani.

Burkitt yasomwa upya

Limfoma ya Burkitt yenyewe ilifika kwenye mashine hizi katika muongo uliopita. Sampuli za watoto wa Uganda na za Kisumu zilisomwa na kulinganishwa na za Marekani na Ulaya. Kwa miaka 50 vitabu viliugawa ugonjwa huu kwa jiografia: wa Afrika na wa kwingineko. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba kinachougawa hasa ni kirusi. Uvimbe wenye Epstein-Barr unafanana popote ulipo duniani, na una jeni chache zaidi zilizoharibika, hasa zile za kuiamuru seli ijiue. Inaelekea kazi hiyo kirusi kimekwishaifanya. Muhimbili na vituo vya Uganda, pamoja na Oxford, wamekuwa wakijaribu kuutambua ugonjwa kwa kuchukua damu ya mkononi na kusoma humo vipande vya DNA ya kirusi na ya uvimbe. Pale ambapo jibu la kipande cha nyama huchukua wiki, na uvimbe huongezeka maradufu kwa siku chache, kipimo hicho si anasa.

Lakini hesabu hizi zinagonga mwamba pale data za Waafrika zinapokosekana. Kufikia 2018, katika tafiti kubwa za kuhusisha jeni na magonjwa, watu wa asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78 na Waafrika karibu asilimia 2. Madhara yake yanaonekana kwenye chumba cha dawa. Florourasili, inayotumika sana kwa saratani ya utumbo, inaweza kumuua mgonjwa ambaye jeni yake iitwayo DPYD haifanyi kazi. Ulaya sasa inashauri kipimo kabla ya dawa. Lakini kipimo cha kawaida kinatafuta mabadiliko yaliyogunduliwa kwa Wazungu, na kinaweza kuyakosa mengine, kama Y186C, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika. Mgonjwa wa Mwanza anaweza kuambiwa yuko salama na kipimo ambacho hakikuwahi kumjua.

Juhudi zipo. Mtandao wa H3Africa, wa utafiti wa jenomu barani Afrika, ulifundisha wataalamu wa bioinfomatiki katika nchi nyingi za bara hili, na Kampala ina kituo chake cha kompyuta za kazi hiyo. Hata hivyo mashine za kusoma DNA hupata wafadhili na kukatiwa utepe. Makarani wa sajili za saratani na mafundi wa maabara za patholojia hawapati. Burkitt aliweza kuuliza swali lake kwa sababu mtu fulani alikuwa ameandika, kwa mwandiko unaosomeka, kila mtoto aliyefariki. Serikali za Afrika Mashariki zinazotaka tiba ya mtu binafsi zianze kwa kuwalipa watu hao.